Kuona Mengi Si Kujifunza Mengi

Chukua watu wawili walioanza kazi siku moja, kwa mafunzo yaleyale. Miaka ishirini baadaye mmoja ndiye anayefuatwa na wenzake kila jambo linapokwama. Mwingine anafanya kazi yake vilevile alivyoifanya mwaka wa tatu: hakuharibika, hakukua. Wamepitia siku zilezile, mikononi mwa mabosi walewale. Akili ya kuzaliwa haitoshi kueleza tofauti yao, wala shule walizosoma. Ukilivua mapambo, suala la kujifunza maisha yote ni suala la tofauti hiyo. Kilichompata wa kwanza ni nini, na kwa nini kikampita wa pili?

Naanzia hapo kwa sababu mazungumzo kuhusu elimu isiyo na mwisho yamejaa maneno matamu. Tunahimizwa tusome, tuhudhurie kozi, tujiendeleze. Ni nadra mtu kutueleza ni kujifunza kupi kunakombadili binadamu, na ni kupi kunakompa tu hisia kwamba amebadilika. Hayo ni mambo mawili, na watu wengi wenye bidii ya kweli wamepoteza miaka kwa kuyachanganya.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kozi za mtandaoni. Mwaka 1972 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Edgar Faure, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Ufaransa, ilitoa ripoti iliyokataa kuihesabu elimu kuwa shughuli ya utotoni inayokwisha kwa cheti. Mwaka 1996 tume nyingine ya UNESCO, chini ya Jacques Delors, ilitaja nguzo nne: kujifunza kujua, kujifunza kutenda, kujifunza kuishi pamoja na wengine, na kujifunza kuwa mtu aliyekamilika. Tangu hapo, serikali na waajiri wameishika sana nguzo ya pili. Mfanyakazi anaambiwa ajifunze ili asipitwe na mashine. Sababu hiyo ni halali, lakini ni robo tu ya wazo zima, na ndiyo robo inayochosha haraka zaidi, kwa kuwa mtu anayesoma kwa hofu huacha kusoma hofu inapopungua.

Tena tusidhani kujifunza kwa watu wazima kunafanyika zaidi madarasani. Allen Tough, mtafiti wa Kanada, aliwahoji watu wazima kuhusu mambo waliyojitahidi kujifunza, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1971 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya juhudi hizo ilipangwa na wanafunzi wenyewe, bila mwalimu rasmi wala taasisi. Mtu anayejifunza kumuuguza mzazi wake, au kusimamia fedha za kikundi, au kusoma sheria ya ardhi kwa sababu ya mgogoro wa mpaka, anafanya kazi nzito ya masomo. Hakuna anayempigia makofi, wala yeye mwenyewe hajiiti mwanafunzi. Nadhani hasara inaanzia hapo: kwa kuwa hajioni kuwa anajifunza, hajiulizi kama anajifunza vizuri.

Umri unazuia kiasi gani?

Kizuizi cha kwanza ambacho watu hujiwekea ni umri. Hata methali zinawasaidia: samaki mkunje angali mbichi. Katika malezi ya tabia methali hiyo ina hekima yake. Ikigeuzwa kuwa sheria ya ubongo, inapotosha.

Mwaka 2015 Joshua Hartshorne na Laura Germine walichapisha uchambuzi wa majibu ya makumi ya maelfu ya watu wa rika mbalimbali waliofanya vipimo kwenye intaneti. Hawakukuta kilele kimoja cha akili. Kasi ya kushughulikia taarifa hufika juu kabisa karibu na miaka 18 au 19. Uwezo wa kushikilia mambo kichwani kwa muda mfupi hukomaa karibu na miaka 25, hukaa hapo, kisha huanza kupungua. Uwezo wa kutambua hisia za mtu kwa kumtazama macho tu hufikia kilele katika miaka ya 40 na 50. Msamiati huendelea kukua hadi miaka ya 60 na kuendelea. Kwa hiyo swali la kwamba akili hushuka lini halina jibu moja. Inategemea ni akili ya kufanya nini.

Mtu mzima anayerudi kwenye masomo akijilinganisha kwa kasi na kijana wa miaka 19 amechagua uwanja ambao lazima ashindwe. Ana kitu kingine ambacho kijana hana. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao wenye kete kwa sekunde tano, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Pale ambapo kete zilitokana na mchezo halisi, bingwa alikumbuka nyingi mno kuliko anayeanza. Kete zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake karibu wote uliyeyuka. Kumbukumbu yake ya jumla haikuwa ya ajabu. Alichokuwa nacho ni ruwaza, yaani mipangilio ya kete inayojirudia, alizokwisha kuzifahamu, na jambo jipya lilipata mahali pa kukaa. Mwenye miaka mingi ana mahali pengi pa namna hiyo, ilimradi ajifunze jambo linalogusana na yale anayoyajua. Ndiyo maana muuguzi wa miaka 50 anaweza kuielewa falsafa ya maadili kwa undani ambao mwanafunzi wa chuo mwenye kasi mara mbili hawezi: kila hoja inamkumbusha mgonjwa fulani.

Na ubongo wenyewe hauko tayari kuganda. Ili kupata leseni, dereva wa teksi nyeusi za London hulazimika kukariri mitaa ipatayo 25,000, kazi inayochukua miaka mitatu au minne. Eleanor Maguire na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu ya mahali, ni kubwa zaidi kwa madereva hao. Hilo peke yake halikutosha, kwani huenda wenye hipokampasi kubwa ndio waliovutwa na kazi hiyo. Kwa hiyo Maguire na Katherine Woollett wakawafuatilia wanafunzi 79 tangu mwanzo wa mafunzo. Mwanzoni hawakutofautiana. Miaka kadhaa baadaye, wale 39 waliofaulu walikuwa wameongezeka ujazo katika sehemu hiyo, na walioshindwa hawakuongezeka. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2011, na waliopimwa walikuwa watu wazima. Kuna sehemu ya utafiti huo isiyosimuliwa sana: katika kipimo kimoja cha kukumbuka michoro, waliofaulu walifanya vibaya kuliko wengine. Naitaja kwa sababu inatukumbusha kwamba kujifunza kuna gharama, na mtu hawezi kukua pande zote kwa pamoja.

Uzoefu na mafunzo ni vitu viwili

Tuwarudie wale wawili. Wengi wetu tumekulia katika imani kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi, na tunaongezea wenyewe kwamba kuona mengi ni kujua mengi. Nyongeza hiyo haishiki.

Mwaka 2005 Niteesh Choudhry na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti kadhaa zilizolinganisha miaka ya daktari kazini na ubora wa huduma anayotoa. Mtu angetarajia mstari unaopanda. Katika nyingi ya tafiti hizo mstari ulishuka: miaka ilivyozidi ndivyo daktari alivyokuwa nyuma katika maarifa mapya, au ndivyo alivyopungua kufuata viwango vya tiba. Hao ni watu waliochujwa kwa akili na kwa bidii, wanaofanya kazi kila siku, na wanaojali. Kama miaka peke yake haiwakuzi wao, haimkuzi mtu yeyote.

Maelezo yake si magumu. Tunapoanza kazi, kila hatua inahitaji fikra, tunakosea hadharani, na mtu anatusahihisha. Baada ya muda mikono inazoea. Kazi inakwenda vizuri kiasi cha kutolalamikiwa, na fikra inaachiliwa ishughulikie mambo mengine. Hilo lina faida, kwani hakuna anayeweza kuishi akifikiria kila tendo. Ila kuanzia hapo siku inaongeza miaka bila kuongeza ujuzi. Anders Ericsson, mwanasaikolojia wa Uswidi aliyetumia maisha yake kuwachunguza mabingwa, alisisitiza kwamba wanaoendelea kupanda hukataa kukaa katika hali hiyo. Wanachagua kipande wasichokiweza, wanakirudia wakiwa na lengo bayana, na wanatafuta mtu au chombo cha kuwaonyesha walipokosea. Katika utafiti wake wa mwaka 1993 kuhusu wapiga fidla mjini Berlin, waliokuwa bora zaidi walitofautiana na wenzao kwa saa walizozitumia katika mazoezi ya peke yao ya namna hiyo, mazoezi ambayo wenyewe hawakuyaona kuwa starehe. Watafiti waliofuata wamepinga kwamba mazoezi hueleza kila kitu, na nadhani wako sahihi. Vipaji vipo. Bado, kwa mtu ambaye tayari ana kazi na mwili alionao, mazoezi ndiyo sehemu anayoweza kuigusa.

Kuna sharti jingine, nalo liko nje ya mtu. Mwaka 2009 Daniel Kahneman na Gary Klein, watafiti waliokuwa wakipingana kwa miaka mingi kuhusu busara ya wazoefu, waliandika pamoja na kukubaliana jambo hili: hisia ya mzoefu inaaminika pale tu mazingira yanapokuwa na utaratibu unaotabirika, na pale anapopata majibu ya maamuzi yake mapema na waziwazi. Mtabiri wa hali ya hewa anasema leo mvua itanyesha kesho, na kesho anajua. Anayeajiri watu hupata habari za waliochaguliwa tu, tena baada ya miezi, na kuhusu wale aliowakataa hapati habari kamwe. Mwalimu husahihisha mitihani ya mwezi huu, lakini ni mara chache ajue ni nini kilibaki kichwani mwa mwanafunzi miaka mitano baadaye. Katika kazi za namna hiyo mtu anaweza kujiamini zaidi kila mwaka bila kuwa sahihi zaidi.

Dawa yake ni kujitengenezea majibu ambayo kazi haiyatoi. Andika uamuzi na sababu zake siku unapoufanya, pamoja na unachotarajia kitokee, kisha urudi kuusoma matokeo yakishatoka. Usipoandika, kumbukumbu itakupendelea. Itakuambia kwamba ulijua tangu mwanzo. Katika yote niliyoyataja hapa, zoezi hili ndilo ninaloliona kuwa na thamani kubwa kuliko muda linalochukua, na ndilo ambalo watu hulikwepa zaidi, kwa sababu halipendezi.

Hisia ya kuelewa hudanganya

Fundo la tatu ni gumu zaidi kulifungua, kwa sababu liko ndani ya hisia zetu wenyewe. Hatuna chombo cha kutuambia kwa uhakika kwamba tunajifunza. Tulicho nacho ni hisia ya wepesi: maneno yanapotiririka vizuri, tunasema tumeelewa.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliijaribu hisia hiyo mwaka 2006. Wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Baadhi walikirudia kukisoma. Wengine walikifunika na kujaribu kuandika yote waliyoyakumbuka. Wote walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka, na waliojipima wenyewe ndio waliokumbuka mengi zaidi. Hata hivyo waliorudia kusoma ndio waliokuwa wamejiamini zaidi kwamba watakumbuka.

Nate Kornell na Robert Bjork walikuta jambo la aina hiyohiyo mwaka 2008. Waliwafundisha watu kutambua mitindo ya wachoraji kwa njia mbili: kuonyeshwa picha zote za mchoraji mmoja mfululizo, au kuchanganyiwa picha za wachoraji mbalimbali. Waliochanganyiwa waliwatambua wachoraji vizuri zaidi kwenye picha ambazo hawajapata kuziona. Lakini walipoulizwa ni njia ipi iliyowafundisha vizuri, wengi walitaja ile ya mfululizo, hata baada ya kufanya mtihani uliowaonyesha kinyume chake. Bjork huziita juhudi za namna hii ugumu wenye manufaa. Kuchanganya mada, kuacha siku zipite kati ya somo na marudio, kujiuliza kabla ya kufungua kitabu: yote haya humfanya mtu ajione mzito wa kichwa, na yote humfanya akumbuke kwa muda mrefu zaidi.

Jambo la kuacha siku zipite lilijulikana mapema sana. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi kubwa mwanzoni, kisha polepole, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hufanya kazi kuliko marudio mengi ya siku moja. Zaidi ya karne moja imepita, na bado kozi nyingi za wafanyakazi hufanyika kwa siku mbili mfululizo, bila marudio yoyote baadaye. Anayetoka huko ametiwa moyo kweli. Baada ya mwezi kimebaki kidogo mno, na hulaumu kichwa chake badala ya ratiba.

Kwa maoni yangu hapa ndipo watu wazima wengi hukata tamaa bila sababu. Wanatumia njia inayowapa hisia nzuri lakini isiyodumu kichwani, wanasahau, wanahitimisha kwamba umri umewapita. Kusikiliza mtu akieleza jambo kwa ufasaha kunafurahisha na kuna nafasi yake, ila kipimo ni kama kesho unaweza kumweleza mwingine bila kutazama popote.

Ujuzi hauruki mbali

Kuna matumaini mengine yanayouzwa sana: kwamba ukifanya mazoezi ya ubongo kwa ujumla, utakuwa na akili zaidi katika kila jambo. Ericsson na Chase, pamoja na mwenzao mmoja, walieleza mwaka 1980 kisa cha mwanafunzi wa chuo aliyefanya mazoezi ya kukumbuka tarakimu alizosomewa. Alianza na 7, kama watu wengi. Baada ya miezi ishirini hivi ya mazoezi, aliweza kurudia karibu 80. Alikuwa mkimbiaji, na alizipanga tarakimu kama nyakati za mbio anazozijua. Walipombadilishia tarakimu wakampa herufi, akarudi kwenye 6 hivi. Kumbukumbu yake haikuwa imekua. Alikuwa ameunda mbinu ya kitu kimoja.

Kwa anayetaka kukua, maana yake ni kuchagua kwa uangalifu. Jifunze lile hasa unalotaka kuliweza, au jambo lililo karibu nalo.

Kujifunza kunakogusa nafsi

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kukua ni kuongeza: maarifa zaidi, ustadi zaidi. Kuna kujifunza kwingine ambako hakuongezi kitu, bali kunagusa namna mtu anavyojielewa. Jack Mezirow, mtaalamu wa elimu ya watu wazima nchini Marekani, aliwachunguza miaka ya 1970 wanawake waliorudi vyuoni baada ya miaka mingi ya kulea familia. Wengi hawakubadilishwa na masomo yenyewe tu. Walifika na imani ambazo hawakuwahi kuziona kuwa imani, kama vile ni kazi gani inamfaa mwanamke au nani ana haki ya kuwa na maoni. Kisha wakakutana na jambo lisiloingia katika imani hizo. Mezirow aliona kwamba safari ya namna hiyo huanza na mtikisiko, hupitia kujihoji na kuzungumza na wengine walio katika hali hiyo, na huishia kwa mtu kujaribu nafasi mpya hadi aizoee.

Mtikisiko huo hauwezi kupangwa kwenye ratiba, lakini mtu anaweza kujiweka pale unapoweza kumpata. Kusoma yanayothibitisha tulichokuwa tunafikiri hakutikisi chochote, hata tukisoma kila siku. Kumsikiliza kwa subira mtu mwenye akili asiyekubaliana nawe, hadi uweze kueleza hoja yake naye akasema ndivyo, kunaweza kukutikisa.

Na hili halifanywi na mtu peke yake, jambo ambalo ushauri mwingi wa kujiendeleza hulisahau kabisa. Miaka ya 1990 Amy Edmondson alichunguza timu za wahudumu hospitalini akitarajia kwamba zinazofanya kazi kwa uelewano mzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zilimwonyesha kinyume: timu hizo zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Alipochunguza zaidi alielewa kwamba tofauti kubwa ilikuwa katika uhuru wa kuyasema. Kwingine yalifichwa, na kosa lililofichwa halimfundishi aliyelifanya wala mwenzake wa zamu inayofuata. Wale wawili tulioanza nao huenda walitofautiana kwa jambo hili tu: mmoja aliangukia chini ya msimamizi ambaye aliuliza ni nini kilitokea, na mwingine chini ya msimamizi aliyeuliza ni nani. Kwa hiyo anayejiuliza kwa nini hakui, kabla ya kujisajili kwenye kozi nyingine, atazame mahali alipo na akumbuke mara ya mwisho mtu aliposema mbele ya wenzake kwamba amekosea, na alichofanyiwa baada ya hapo.